Zawadi ya Kuagwa

Nilitegemea saa ya ukutani.
Wenzangu wote walipewa saa ya ukutani,
au godoro, au blanketi la manyoya lenye picha ya simba;
Sindano, aliyestaafu mwaka juzi, alipewa baiskeli.
Mimi, miaka ishirini na tisa kwenye chumba cha barafu,
nikawekewa mikononi ua ndani ya chungu cha plastiki
kilichovikwa karatasi ya dhahabu na utepe.
"Haidranjia," akasema Verediana wa uhasibu.
"Linapenda baridi, kama wewe, Masalu."
Watu wakacheka. Nami nikacheka.
Nikapanda kilima cha Bugarika nimelikumbatia
kama mtu aliyeiba kuku.

Nyamizi akalitazama, akauliza, "Linaliwa?"
Kisha akalipa heshima yake kando ya televisheni,
juu ya kitambaa alichokifuma mwenyewe,
na wiki tatu wageni walilisalimia kabla yetu:
kichwa cha bluu, kikubwa kama cha mtoto mchanga.

Wiki ya nne likaanza kununa.
Saa nane mchana, bati likialika kwa jua,
majani yalilala. Nikamwagia, yakainuka.
Kesho yake yakalala tena.
Ua likageuka rangi ya chai iliyosahauliwa.
Mama Ngasa, ng'ambo ya ukuta:
"Limechoka kukaa na wageni. Litoe nje. Na uweke majivu."
Kijana wa miche kule Pasiansi:
"Majivu hapana, mzee. Yatalifanya la waridi.
Rangi hachagui mtu, huchagua udongo."

Basi Jumanne, siku ambayo maji ya bomba hutufikia huku juu,
nikatafuta pa kuchimba.
Kwetu mawe ndiyo wenye kiwanja, sisi tumepanga.
Nikapata pengo kati ya jiwe kubwa na dogo,
panapopata jua la asubuhi,
halafu jiwe kubwa linaweka kivuli mpaka jioni.
Mjusi wa kichwa chekundu alikuwa na hati ya mahali pale.
Akapiga pushapu zake tatu, akanipisha.

Nilipovua karatasi ya dhahabu,
chini yake maji meusi, yananuka
kama mtaro wa kiwanda siku ya Jumapili.
Kumbe pambo liliziba vitundu.
Tulilipamba, tukalizamisha.

Nikakipiga chungu kofi kitakoni, likatoka zima,
na sikuona udongo.
Mizizi tu, myeupe, imezunguka, imerudi, imezunguka tena,
imekuwa chungu ndani ya chungu.
Plastiki nimeitupa kule, na bado
lilisimama na umbo lile lile.

Nikakaa juu ya jiwe dogo.
Nikavitazama vidole vyangu; viwili vya mwisho
havinyooki tangu enzi za mashine ya zamani.
Mpaka leo naamka saa kumi usiku. Navaa soksi mbili.
Nyamizi hunivuta shuka: "Lala, baba. Samaki hawapo."

Kijana aliniambia: usilionee huruma.
Mizizi usipoichana itazunguka humo humo
hata ukiipa shamba zima.
Nikaleta kisu cha minofu, kitu pekee nilichotoka nacho kule
bila kuandikiwa hati,
nikachana pande nne.
Sauti yake ilikuwa ya kanga mpya ikipasuliwa.

Nikafukia: samadi ya mbuzi, mchanga wa mawe,
vichwa vya dagaa alivyokataa paka.
Ndoo mbili za maji.
Chini kabisa ziwa lilikuwa limetulia, la kijivu,
wadudu wake wamesimama juu ya maji kama moshi wa jiko.
Ua lenyewe lililala chini siku sita.
Nilipita karibu nalo bila kuliangalia,
kama unavyompita mgonjwa asiyetaka pole.

Jana nimeona jani moja, dogo kama ukucha.
Na pembeni, upande wa jiko tu,
majivu, yamenyunyizwa kwa uangalifu,
na alama za kandambili ninazozijua.
Sikusema kitu.
Nikayaacha upande ule.
Asubuhi niliamka saa moja na nusu.